Mtu Mdogo, Nchi Kubwa: Mahali pa Kusimama Unapopiga Picha Tanga

Chukua simu yako, tafuta picha za zamani za Tanga na Usambara, kisha usisome maelezo yaliyo chini yake. Angalia picha tu. Ukifika ya kumi au ya kumi na tano utaanza kuhisi kama vile zote zimepigwa na mtu mmoja. Mpiga picha amesimama juu kidogo ya kile anachokipiga. Anga ama imebanwa juu kabisa, ama imeachwa nyeupe tupu. Mistari ya mkonge au ya reli inaanzia miguuni pake na kwenda kukutana mbali huko. Na mahali fulani katikati, pembeni ya mti au mbele ya kichuguu, kuna mtu mmoja amesimama wima, mdogo kama kijiti cha kiberiti.

Huyo mtu mdogo ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Amewekwa pale ili mtazamaji wa Berlin au Hamburg ajue mti una urefu gani na shamba lina upana gani. Ni rula yenye miguu. Ukisoma maelezo ya picha utakuta jina la mti, jina la zao, pengine jina la kituo cha reli. Jina lake yeye hulikuti.

Siku hizi kila mmoja wetu ni mpiga picha. Tunakwenda Lushoto wikiendi, tunasimama kwenye mwamba, tunanyoosha simu. Tunabishana kidogo: nisogee kushoto? Nikate ule waya wa umeme? Nimsubiri huyu mama mwenye kuni apite, au nipige naye akiwemo? Tunadhani ni mambo ya urembo tu. Lakini maswali hayo hayo yaliulizwa na watu waliokuja na kamera katika pwani hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na majibu yao yamefungamana na habari ya ardhi: nani alionekana kuwa anayo, na nani hakuonekana kabisa.

Sura ya nchi

Neno "mandhari" tumelipata kwa Waarabu, kutoka kwenye mzizi wa kutazama. Mandhari ni kile kinachotazamwa. Lazima awepo mtu amesimama pembeni anatazama. Lakini shuleni, kwenye jiografia, tulifundishwa pia kusema "sura ya nchi". Hili ni jambo jingine. Nchi ina sura kama mtu alivyo na sura, hata kama hakuna mgeni wa kuitazama, na wenyewe wanaijua sura hiyo kama wanavyoijua ya jirani yao.

Wasambaa walikuwa na namna yao ya kuigawa sura hiyo. Kuna milima yenye mvua na migomba, ambayo ndiyo Shambaai yenyewe, na kuna nyika iliyo chini, kavu, yenye joto na hatari zake. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, anaeleza jambo ambalo kila mpiga picha wa Lushoto angepaswa kulijua: vijiji vikubwa vya Wasambaa vilikaa karibu na ukingo wa milima. Sababu ilikuwa ni kula. Ukikaa ukingoni unaweza kulima juu, na unaweza kushuka kulima na kuwinda chini. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande mwingine unakuokoa.

Kwa hiyo ule mwamba wa Irente, tunakopanga foleni kupiga picha huku nyika yote ikiwa imetandazwa chini, uko kwenye ukingo ambao watu waliishi kwa akili yao. Mtu wa ukingoni alipotazama chini aliona ghala lake la pili.

Wazungu wa kwanza kuandika habari za huko hawakuwa na kamera. Johann Ludwig Krapf alifika Usambara mwaka 1848, akarudi tena 1852. Richard Burton na John Hanning Speke walipita Tanga na Pangani mwaka 1857, wakapanda hadi Vuga kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai. Hao walitegemea kalamu. Miaka mitatu baadaye James Augustus Grant alijaribu kamera akiwa Unguja, lakini alipoingia bara na Speke alitegemea zaidi penseli na rangi. Joto, vumbi, dawa za kusafishia picha na masanduku ya vioo juu ya kichwa cha mpagazi: haikuwa kazi ya mchezo.

Picha kichwa chini

Hali ilibadilika mwishoni mwa karne ya 19, yalipoenea mabamba makavu ya kioo ambayo yaliweza kuandaliwa kiwandani na kusafirishwa. Wakati huo huo Wajerumani wakaishika pwani. Vita vya Abushiri vilianza 1888, na Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Baada ya hapo wakaja wapimaji, wamisionari, wataalamu wa mimea, wenye mashamba, na wapiga picha. Jina linalojulikana zaidi ni Walther Dobbertin, aliyezaliwa 1882 na kufariki 1961, ambaye alifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mpaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Picha zake zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho huko Ujerumani, na tangu mwaka 2008, hifadhi hiyo ilipotoa maelfu ya picha zake kwa matumizi huru mtandaoni, ndizo tunazokutana nazo kila mahali. Ukiona picha ya zamani ya nchi yetu ambayo namba yake ina herufi DOA, yaani Deutsch-Ostafrika, umekutana na mkusanyo wake.

Sasa tumfikirie mpiga picha wa zama hizo akiwa kazini. Kamera kubwa iko juu ya stendi ya miguu mitatu. Yeye amejifunika kitambaa cheusi, anatazama kioo chenye ukungu kilicho nyuma ya kamera. Na kwenye kioo hicho nchi yote imegeuka: mlima uko chini, mto uko juu, watu wananing'inia kama popo. Wapiga picha wengi watakwambia kwamba hali hiyo husaidia kupanga picha, kwa sababu huoni tena nyumba ya fulani wala shamba la fulani. Unaona umbo tu. Pembe tatu hapa, mstari pale, doa jeusi kule. Kuna faida katika hilo, na kuna kitu kinachopotea.

Halafu kuna suala la anga. Mabamba ya zamani yalikuwa na wivu na rangi ya buluu: yaliipokea kupita kiasi. Anga ya buluu ya Tanga ikatoka nyeupe kama shuka, na milima ya mbali yenye ukungu wa bluu ikamezwa. Kijani nacho kikatoka cheusi kuliko kilivyo. Ndiyo maana Usambara ya kwenye picha za zamani inaonekana nzito na ya giza, chini ya mbingu isiyo na kitu. Mtu wa Ulaya aliyeona picha ile alipata hisia ya bara lenye msitu mweusi na ukimya. Sehemu kubwa ya giza hilo ilitoka kwenye kemia.

Kadi za posta zikaongeza la kwao. Miaka ya mwanzo wa karne ya 20 kadi za posta zilikuwa ndiyo mtandao wa kijamii wa wakati ule. Nchini Ujerumani, mpaka mwaka 1905, upande wa nyuma wa kadi uliruhusiwa kuandikwa anwani peke yake. Salamu ziliandikwa upande wa picha. Kwa hiyo aliyetengeneza kadi alihitaji nafasi tupu: anga pana, maji matulivu, ukingo mweupe. Nafasi ile ambayo sisi leo tunaisifu kuwa "imetulia", iliachwa ili mtu amwandikie shangazi yake kwamba hajambo na joto ni kali.

Mwisho ni muda. Mpiga picha wa mandhari aliyetaka kila kitu kionekane vizuri, kuanzia jani la mbele hadi kilima cha nyuma, alibana tundu la lenzi, na mwanga ukachukua muda mrefu zaidi kuingia. Anayetembea alitoka ukungu. Basi watu wakapewa amri mbili: simama usitikisike, au ondoka. Ndiyo maana katika picha nyingi za vijijini za wakati ule huoni mtu analima, anapepeta, anakimbiza mbuzi. Unaona mtu amesimama kama mlingoti, au hakuna mtu kabisa.

Ardhi isiyo na mwenyewe

Hapa ndipo mambo ya kamera yanapokutana na mambo ya sheria.

Tarehe 26 Novemba 1895, Kaizari alitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni ni mali ya dola. Amri ilitaja haki za watu binafsi, machifu na jumuiya za wenyeji, ila haki hizo zilitakiwa kuthibitishwa. Sasa jiulize: shamba lililopumzishwa miaka minne ili udongo urudishe nguvu, linaonekanaje machoni pa mgeni? Kama pori. Njia ya kwenda kisimani inaonekanaje? Kama njia ya wanyama. Kaburi lisilo na jiwe la kuandikwa je? Halionekani.

Sisemi kwamba afisa alibeba picha ya Dobbertin mezani akagawa ardhi. Picha na amri vilitoka kwenye jicho moja. Jicho lile lilipotazama mahali ambapo hakuna uzio, hakuna ukuta wa mawe na hakuna mtu aliyesimama wakati huo, lilisema: hapa ni patupu.

Na jicho hilo liliwadanganya hata wenyewe. Walowezi wa mwanzo waliotazama msitu wa Usambara Mashariki, mrefu na mnene, waliamini kwamba udongo ulioubeba lazima uwe na rutuba kubwa. Wakafyeka, wakapanda kahawa. Udongo ule haukuwa na nguvu walizodhani, kwa kuwa rutuba ilikuwa inazunguka ndani ya msitu wenyewe, kutoka jani kwenda mzizi. Kahawa ikawaangusha. Walikuwa wameisoma nchi kama picha.

Kilichofanikiwa ni mkonge. Habari yake inajulikana: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Hiyo 62 ilipandwa upande wa Pangani, na ndiyo iliyozaa mashamba yaliyofunika mkoa. Mwaka huo huo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga; ilifika Muheza 1896, Mombo 1905, Moshi 1911. Reli na mkonge vikaupa mkoa huu kitu ambacho wapiga picha hawajaacha kukipenda hadi leo: mistari. Mkonge hupandwa kwa safu zilizonyooka, na ukisimama kwenye kichwa cha shamba asubuhi, kivuli cha kila mche kikiwa kimelala upande mmoja, hakuna haja ya kufikiri. Picha inajipanga yenyewe.

Ni picha nzuri. Nimeipiga mara nyingi. Lakini katika picha hiyo, waliozinyoosha safu wako wapi? Wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, iliwahi kuwa na kadi ya kazi iliyomtaka mwanamume atoe siku 30 kila miezi minne kwa mwenye shamba wa Kizungu. Baadaye wakaja manamba kutoka mbali, waliobatizwa jina hilo kwa sababu ya namba walizopewa. Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulikaribia tani 230,000. Kambi walizokaa manamba na korona walikosukuma majani kutoa singa viko nje ya fremu, mara nyingi nyuma ya mgongo wa mpiga picha. Angegeuka tu.

Tulipolipia wenyewe

Haitoshi kuwalaumu Wajerumani tukaishia hapo. Inafaa tuangalie pia picha ambazo watu wa pwani waliagiza wenyewe, kwa hela yao.

Studio za picha ziliota mapema Unguja, na A. C. Gomes alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, Mji Mkongwe. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor na studio yake, bingwa wa kukata na kuunganisha picha. Na miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vyenye mapazia ya kila namna: meli, ndege, miji ya mbali, bustani.

Humo studio mandhari yapo, tena mengi. Lakini mpangilio umegeuzwa. Mtu yuko mbele, mkubwa, amevaa vizuri, anakutazama. Mnazi, bahari na mlima viko nyuma yake, vimechorwa kwenye pazia, vinamngojea. Nchi ndiyo iliyokuwa rula safari hii, inapima hadhi ya mtu. Mteja asingekubali kulipa shilingi yake atoke mdogo kama kijiti cha kiberiti kwenye shamba la mtu mwingine.

Na kabla ya studio kulikuwa na utenzi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, kuhusu vita vile vile vya Abushiri. Neno "Mrima" kwenye anwani hiyo tayari ni mahali pa kusimama: ndilo jina ambalo wenye pwani wameiita pwani yao inayotazamana na Unguja. Ukitaka kuijua sura ya pwani mwaka 1888 na 1889 kutoka kwa aliyekuwa nchi kavu, huna picha, lakini una utenzi.

Kuna pia Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Aliajiriwa idara ya forodha akiwa kijana, akafanya kazi Pangani, na miaka yake ya mwisho serikalini aliitumia katika ofisi ya upimaji. Fikiria hilo: mwandishi aliyetupa Kusadikika, nchi inayoelea angani, mchana alikuwa katika ofisi ambayo kazi yake ni kupima nchi iliyo chini. Sijui mtu mwingine katika fasihi yetu aliyekaa karibu hivyo na aina mbili za kuiona ardhi.

Pangani yenyewe ni mahali pazuri pa kujifunza kupanga picha. Wengi hupanda pantoni kwenda Bweni, wanageuka, wanaupiga mji kutoka ng'ambo ya mto. Asubuhi na jioni jua linapiga kutoka ubavuni, kuta za zamani zinatoka vizuri, minazi inakaa nyuma. Ni picha ya msafiri. Lakini ukibaki upande wa mji, ukageuza kamera uelekee mtoni wakati pantoni linafika, mbele utapata migongo ya watu wanaosubiri: baiskeli, madumu, matenga ya samaki. Bweni inakuwa mstari mwembamba wa kijani nyuma yao. Mto ni ule ule na saa ni ile ile. Picha ya kwanza inaonyesha mji ulivyo mzuri. Ya pili inaonyesha mto una kazi gani.

Picha tatu na mwembe mmoja

Mwaka jana nilikuwa natafuta picha moja ya kuweka kwenye makala kuhusu mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa. Msomaji anayefuatilia habari za Muheza na Korogwe anajua: mashamba kadhaa yalifutiwa hati na kugawiwa wananchi, na ugawaji wa namna hiyo haukosi maneno. Nilisimama mahali pamoja nje kidogo ya Muheza, nikapiga picha tatu bila kusogea zaidi ya hatua kumi.

Ya kwanza: safu za mkonge wa zamani, milingoti yake imesimama, milima ya Usambara nyuma. Hakuna mtu. Nilitumia ile mistari ya simu inayogawa kioo mara tatu kwenda juu na mara tatu kwenda pembeni. Kanuni hiyo ya theluthi, kwa taarifa yako, ilipewa jina na Mwingereza John Thomas Smith mwaka 1797, katika kitabu kilichohusu mandhari ya mashambani. Yaani ile mistari iliyomo kwenye simu ya kila bodaboda ilizaliwa kwenye mjadala wa namna ya kuchora vibanda vya vijijini Uingereza.

Ya pili: njia ya miguu inakata safu kwa mshazari, na wanawake wawili wanapita na kuni. Hii ina uhai. Mhariri yeyote angeichukua.

Ya tatu: nilirudi nyuma kidogo, na kulia ukaingia mwembe mkubwa, mzee, ukaharibu mpangilio wote. Uliziba nusu ya mlima na kuvunja mistari. Nilikaribia kuifuta.

Jioni nilimwonyesha mzee mmoja wa kijiji kile, kwa kuwa nilitaka anithibitishie jina la kilima.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete nione."

Ya kwanza aliipita haraka. "Mkonge," akasema, kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Ya pili akaitazama kidogo, akasema hao kina mama wametoka mbali, kuni za karibu zimekwisha. Ya tatu akaishika. Akaisogeza karibu na macho.

"Huu mwembe unajua ni wa nani?"

"Hapana, babu."

"Wa bibi yetu. Hapa palikuwa mji kabla ya mkonge. Mwembe haujipandi katikati ya shamba la Mzungu." Akakaa kimya, kisha akasema, "Hii ndiyo picha. Hizo nyingine hata mtu wa Kilosa anaweza kusema ni kwao."

Kwa mtu wa pwani jambo hilo halina haja ya maelezo marefu. Mnazi na mwembe ni hati. Kwa desturi ya huku, mti una mwenyewe wake, na anaweza kuwa mwingine kabisa na yule mwenye ardhi. Ukiona miembe mitatu imesimama pamoja porini, jua palikuwa na watu. Mpiga picha anayeukata mwembe kwa sababu unaharibu mistari anaweza kuwa amekata ushahidi pekee uliobaki.

Niliitumia ile ya tatu. Mhariri aliuliza kama sina iliyonyooka zaidi. Nikamwambia ninayo, nikamweleza habari ya mwembe, akaikubali.

Kwa hiyo picha bora ni ipi?

Najua baadhi ya wasomaji wa hapa ni watu wa kamera kweli kweli na mtaniuliza: basi tutupe kanuni zote? Hapana. Mistari bado ni mistari, na mwanga wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado unashinda wa saa saba mchana. Ninachosema ni kwamba kanuni hizo zinajibu swali la mwisho, na yapo mengine yanayotangulia.

La kwanza, hapa niliposimama nani mwingine husimama? Kama ni abiria wa treni, mtalii au mwenye shamba peke yake, tafuta pia mahali anaposimama anayelima. Mara nyingi ni hatua ishirini tu, na mara nyingi ni chini zaidi.

La pili, huyu mtu aliye kwenye picha anafanya nini humo? Akiwa pale kunionyesha ukubwa wa mti, nimeirudia picha ya 1906. Muulize jina, mwache aendelee na kazi yake. Simu ya leo ina kasi ya kumnasa jembe likiwa hewani. Hatuna tena kisingizio cha kumwambia asimame asitikisike.

La tatu, kile ninachotaka kukikata ni nini? Waya wa umeme una habari yake: kijiji kimepata umeme lini, na nani ameachwa nje. Bati jipya pembeni ya nyumba ya udongo lina habari yake. Kaburi, kisima, mwembe. Kabla ya kukata, uliza.

La nne, mwenye mahali akiiona picha hii atapatambua? Nadhani hili ndilo zito kuliko yote. Picha ya nchi ambayo haiwezi kutambuliwa na mtu aliyezaliwa hapo inaweza kuwa nzuri sana, lakini sijui ni picha ya nini.

Nikirudi kwenye zile picha za Dobbertin na wenzake, sizichukii. Ninazitazama karibu kila wiki, na ninashukuru kwamba zipo na ziko wazi kwa kila mtu. Tena kioo cha bamba kina kitu ambacho simu haina: unaweza kukuza na kukuza, na bado undani ukaendelea kutoka. Jaribu. Achana na mlima uliokusudiwa. Kuza pembeni, chini, kwenye kona ambayo mpiga picha hakuijali. Utakuta sufuria juu ya mafiga. Utakuta mtoto amechungulia nyuma ya nguzo. Utakuta njia ya miguu inayotoka nje ya fremu kwenda kwa mtu. Wakati mwingine, nyuma kabisa, utakuta miembe mitatu imesimama pamoja.

Na kama nyumbani kwenu mna picha ya zamani ya Tanga, Muheza, Pangani, Korogwe au Lushoto, hata iliyokunjika, hata ambayo nusu yake imeliwa na mende, usiitie kwenye programu ya kusafisha kwanza. Mpelekee bibi au babu aliyebaki, mkae naye, andika nyuma yake kwa penseli majina atakayoyataja: ya watu, ya mti, ya kisima. Kalamu ya wino hupenya ikaharibu picha. Penseli inatosha.